Kijana ameshikwa na lotoko: wazazi waanze wapi mbele ya kuuza shamba?

Kule Namoya na Salamabila, sawa vile Kasongo mujini, muzazi akiona mutoto wake mukubwa ameshikwa na lotoko, wazo la kwanza ni kutafuta feza. Mbuzi inauzwa, kisha pikipiki, kisha kipande cha shamba. Feza inaenda kwa muganga wa kienyeji ama mu chumba cha maombi, kijana anafungwa kamba. Kiisha mwezi amerudi kwenye shimo na kwenye chupa. Wazazi wanabaki na deni.

Sisi wa sendika tunasema hivi: kumutoa mutu mu pombe kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni fupi, inaomba dawa na muganga wa hospitali. Ya pili ni ndefu, inaomba watu. Feza kidogo muliyo nayo, muiweke mu ile ya kwanza.

Juu ya nini? Mutu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, mwili wake umezoea. Mukimufungia mu nyumba na kumukatia pombe mara moja, mikono inatetemeka, anatoka jasho, anatapika. Mu siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kutoka siku ya pili mpaka ya ine anaweza kuona wadudu kwenye ukuta na kusema na watu wasiokuwepo. Wengi wanasema: ni pepo, amelogwa. Hapana. Ni mwili unaodai pombe, na hali hiyo inaweza kuua. Kamba na kumunyima chakula vinazidisha hatari.

Dawa yenyewe si ya ajabu: diazepamu inayopunguzwa siku kwa siku, pamoja na vitamini B1. Lakini musinunue diazepamu mu duka na kumupa nyumbani. Ikichanganyika na pombe inaweza kusimamisha pumzi, tena nayo inashika mutu. Mumupeleke kituo cha afya cha karibu. Wakishindwa, watawapa barua ya kwenda hospitali kuu ya zone. Njia hiyo tunaijua: ni hapa Kasongo, mu miaka ya 1970, mradi wa afya pamoja na chuo cha Antwerp cha Ubeljiji ulionyesha faida ya kuanzia kituo kidogo, hospitali ikiwa nyuma yake. Muulize bei mbele, na muombe kulipa kidogo kidogo.

Kuna hospitali ya wagonjwa wa akili ya SOSAME kule Bukavu, ya Frères de la Charité. Lakini ni mbali, na tangu M23 waingie Bukavu mu Februari 2025 safari imekuwa ngumu zaidi. Musingoje Bukavu kama kijana anatetemeka leo.

Kwa bangi ni tofauti. Anayeiacha anakosa usingizi na anakasirika, lakini kwa wengi inapita mu wiki chache. Akiendelea kusikia sauti, hapo ni hospitali.

Sasa sehemu ya pili. Mu 1935, kule Akron, Marekani, daktari mumoja na mufanyabiashara mumoja, wote walevi, walianza kukutana na kusaidiana wasikunywe. Kutoka hapo vilizaliwa vikundi vya walevi mu inchi nyingi, na kuingia ni bule. Hata kwetu watu watatu walioacha wanaweza kukaa chini ya muti kila juma. Hakuna franga inayoombwa.

Nyumbani, ba mama na ba papa, museme naye asubuhi, akiwa hajakunywa. Mumupe chakula na pa kulala, lakini musimulipie deni lake la lotoko. Ni mutu mukubwa, kuacha ni lazima akubali mwenyewe. Akianguka tena, musimufukuze: wengi wanaanguka mbele ya kusimama.

Na kwenye mashimo, wachimbaji wenzangu, kazi ni yetu. PDG asilipe mutu kwa chupa. Ekipe imushikie nafasi yake mpaka apone, na asishuke mu shimo akiwa anatetemeka, juu kifafa chake chini kule ni kifo cha wengine pia. Likelemba yetu inalipa kilio na ndoa. Iongeze neno moja mu masharti yake: dawa za wiki ya kwanza za mwenzetu anayetaka kuacha. Tukikubaliana hivyo, hakuna muzazi atakayeuza shamba.