Leja mbili, ukurasa mweupe: moduli zinapokosa kuchangia maktaba

Programu nyingi za wavuti siku hizi zinagawanywa moduli: moja ya kuandikisha mgonjwa, nyingine ya maabara, nyingine ya dawa. Mfano mzuri ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioasisiwa 2004. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, Kenya, na pia Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera ukitokea Karagwe na Kyerwa. Toleo lake la tatu lina moduli nyingi za skrini zinazochangia maktaba moja ya JavaScript iitwayo React.

Kwa nini zichangie? Kwanza ni bando. Moduli kumi zikija kila moja na React yake, zahanati yenye mtandao wa kusuasua itasubiri sana. Lakini kuna tatizo kubwa kuliko uzito.

Chukua chama cha msingi cha kahawa, AMCOS, kama vile vya Karagwe na Kyerwa. Karani wa mizani anaandika kilo zako kwenye leja, karani wa malipo anasoma leja hiyohiyo. Je, kila mmoja akiwa na leja yake? Kahawa umepeleka kweli, ila kwenye malipo jina lako halipo. React nayo ina leja: inaandika ndani yake ni kipande gani cha ukurasa kinachochorwa sasa hivi. Zikiwepo nakala mbili, moduli inaweza kuuliza ile isiyoandikwa kitu. Hapo ndipo unaona ujumbe "Invalid hook call", na ukurasa unabaki mweupe huku mgonjwa amekaa mbele ya nesi.

Sasa, usikimbilie kuandika upya kodi. Bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua Console, usome kosa lenyewe. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya mawili.

La kwanza ni nakala mbili. Hata ukirifreshi, kosa linarudi palepale. Kwenye folda ya mradi andika npm ls react uone kama kuna matoleo zaidi ya moja. Kisha kagua mipangilio ya webpack ya kila moduli: React iwekwe kwenye orodha ya "shared" ikiwa na "singleton: true", maana yake nakala iwe moja tu kwa wote. Bila hiyo, moduli inayodai toleo tofauti inaweza kupakia lake kimyakimya. Nayo singleton si dawa ya kila kitu: matoleo yakipishana sana utapata onyo, na moduli inaweza bado kugoma. Linganisha matoleo kwanza.

La pili ni faili lililopotea, "ChunkLoadError". Seva imesasishwa, majina ya mafaili yamebadilika, lakini kivinjari bado kina orodha ya zamani na kinaomba faili lililokwisha kufutwa. Fungua Network: utaona 404. Hapa kurifreshi kwa Ctrl+Shift+R mara nyingi kunasaidia. Ila dawa ya kudumu iko kwa msimamizi wa seva: faili la orodha lisikae kwenye kache muda mrefu, na mafaili ya zamani yaachwe siku kadhaa kabla ya kufutwa. Pale mtandao unapokatika mara kwa mara, kompyuta inaweza kukaa na orodha ya zamani kwa siku nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia fundi, jaribu kurifreshi, halafu piga picha ya kosa lililo kwenye Console. Mwambie na hilo: baada ya kurifreshi, kosa limerudi au limeondoka? Jibu hilo peke yake linampunguzia kazi.