Mizani ya Nafsi: Rangi na Asili kwa Mabinti wa Chuo Kikuu, Kasongo na Kabambare

Binti atokaye Kabambare kwenda kusoma chuo kikuu mjini Kasongo, huku kwetu Kongo ya mashariki, kwa njia ya udongo ambayo masika huigeuza tope, aghalabu hubeba, pamoja na madaftari yake na unga aliofungiwa na mama yake, mizani asiyojua kwamba anaichukua. Nayo ndiyo atakayojipimia kila aingiapo darasani, akajiona mweusi mno, au wa kijijini mno, au wa asili isiyotajwa kwa taadhima, kabla mwalimu hajamwuliza neno lolote la elimu. Wataalamu wa elimu ya nafsi huliita jambo hili upungufu wa kujithamini, na wengi hudhani kuwa sababu yake ni moja tu, kwamba watu weusi walidharauliwa na weupe, na aliyedharauliwa sana mwishowe hujidharau. Dhana hiyo ina nusu ya haki, na ile nusu nyingine ndiyo nitakayo kuieleza.

Katika miaka ya 1940, huko Marekani, mume na mke, Kenneth na Mamie Clark, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere wa rangi mbili, na walio wengi wakasema kuwa mweupe ndiye mzuri. Ushahidi wao ulitajwa katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1954 ilibatilisha utengano wa rangi katika shule za serikali, na watu wakaamini kuwa kila mtu mweusi hukua na jeraha moyoni. Walakini Morris Rosenberg, ambaye mwaka 1965 alikitoa kipimo cha kujithamini chenye kauli 10 kinachotumiwa hata leo, alipowachunguza vijana pamoja na Roberta Simmons, wakayachapisha waliyoyaona mwaka 1971, hakukuta kwamba vijana weusi wanajithamini chini ya weupe; na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kuwa, kwa wastani, weusi wa Marekani hujithamini zaidi kidogo. Jennifer Crocker na Brenda Major wakaifafanua ajabu hiyo mwaka 1989. Mtu wa kundi linalodharauliwa, walisema, aweza kuilinda nafsi yake kwa kutambua kuwa izara aliyofanyiwa yatokana na chuki ya mfanyaji, si na kasoro yake mwenyewe. Hujilinganisha na wenzake walio katika hali kama yake. Na yale mambo ambayo kundi lake halisifiwi kwayo huyapunguzia uzito.

Hiyo ni ngao, na ngao njema. Lakini ina sharti moja ambalo kwetu ni zito: anayedharau sharti awe mgeni.

Sasa tuutazame mji wa Kasongo, uliokuwa makao makubwa ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, na wa jamaa zake, ilhali Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kwenye njia itokayo Ujiji. Watu wa zama zile hawakugawanywa kwanza kwa rangi. Tippu Tip mwenyewe, aliyehesabiwa Mwarabu na kila mtu, msafiri Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimweleza kuwa mtu mwenye rangi ya Kiafrika, na jambo hilo halikumpunguzia heshima hata chembe. Uungwana ulipimwa kwa dini, kwa kanzu, kwa usemi wa Kiswahili na kwa kuzaliwa huru. Asiyekuwa na hayo aliitwa mshenzi. Nisidhaniwe kuwa naisifu mizani ile, kwani wanawake na watoto wa nchi hii walitekwa wakapelekwa mbali kwa jina la ushenzi huo huo. Natoa ushahidi tu kwamba ilikuwa mizani nyingine. Tena iligeuka kwa kuvuka ziwa la Tanganyika: Mmanyema, yaani mtu wa nchi hii, aliyesilimu na kuvaa kanzu Kasongo alikuwa mwungwana, naye huyo huyo akifika pwani alisikia jina la Mmanyema likitamkwa kama jina la mtumwa.

Kisha Aprili 1893 jeshi la ofisa Mbelgiji Dhanis likauteka mji, na wenye mizani wakabadilika. Chini ya Wabelgiji rangi ikawa sheria, hata watoto wa kike waliozaliwa na baba mzungu na mama Mkongo wakanyang'anywa mama zao na kuwekwa katika misheni. Watano kati yao, wakiwa wamekwisha kuwa wazee, ndio walioishtaki serikali ya Ubelgiji, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels ikahukumu kuwa tendo lile lilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Wabelgiji wamekwenda zao, na mizani zote mbili zimebaki nyumbani. Binti mmoja huulizwa kama ni Mbangubangu, yaani wa kabila la Kabambare, wa kijijini au mwana wa waungwana wa mjini. Mwingine husifiwa kuwa mweupe, neno ambalo kwetu halimaanishi Mzungu bali binti mwenye ngozi ya maji ya kunde, atakayechumbiwa mapema. Anayeyasema hayo si mgeni. Ni shangazi, ni mama mkubwa, ni dada wa chumba kimoja, tena husema kwa mapenzi, akimpa binti kopo la mafuta ya kujichubua kama zawadi ya kwenda masomoni. Ngao ya Crocker na Major haina kazi hapa, kwa kuwa binti hawezi kujiambia kuwa shangazi yake anamchukia. Basi hulazimika kuamini kuwa kasoro ni yake. Na baadhi ya makopo hayo yana zebaki, ambayo hudhuru figo, au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuipa ngozi weusi wa buluu usiotoka, yaani kinyume cha kile kilichotafutwa.

Mwenye kupima kujithamini kwa mabinti hawa naye ajihadhari. Katika uchunguzi wa mataifa 53 uliochapishwa mwaka 2005, David Schmitt na Jüri Allik waliona kuwa kauli za kukanusha zilizomo katika kipimo cha Rosenberg hazifahamiki kwa namna moja kila mahali. Binti aliyelelewa kuona kujisifu ni utovu wa adabu, akiulizwa kama anaridhika na nafsi yake, huinamisha macho na kujibu kwa unyenyekevu. Kumwandikia kuwa hajithamini ni kumdhulumu.

Crocker huyo huyo, akiwachunguza wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wenzake, alitaja mwaka 2003 mambo 7 ambayo watu huyategemeza thamani yao: sura, sifa za watu, mashindano, masomo, upendo wa jamaa, wema wa tabia, na upendo wa Mwenyezi Mungu. Aliyeitundika nafsi yake juu ya sura au sifa za watu hupanda na kushuka nazo kila siku, na haya mawili ya mwisho ni ya kudumu zaidi. Katika mji wa swala na mawaidha kama Kasongo, hayo si mageni kwa binti yeyote. Kwa hiyo mwalimu atakaye kumsaidia asianze kwa kumwambia kuwa ni mzuri. Amwombe, faraghani, alitaje jina la mtu wa kwanza aliyemwambia kuwa ni mweusi mno, kisha amwachie muda mrefu wa kunyamaza, maana huenda jina hilo likawa la mtu ampendaye kuliko wote.