Chakula cha Mama Kabla ya Mimba

Mtoto akizaliwa, majirani huanza: pua ni ya babake, macho ni ya nyanyake. Ni kweli, mtoto hurithi jeni za wazazi. Lakini jeni ni kama nyaya za stima ndani ya nyumba. Taa haiwaki mpaka swichi ibonyezwe. Elimu ya swichi hizo huitwa epijenetiki, na Mmarekani Robert Waterland ameifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 20.

Alianza na panya. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2003, yeye na Randy Jirtle wa Chuo Kikuu cha Duke waliwapa panya majike chakula chenye foliki na vitamini B12 zaidi, tangu wiki mbili kabla ya kupandwa. Watoto walikuwa na jeni ya kuwafanya wawe wa manjano na wanene, lakini wengi zaidi walitoka na rangi ya kahawia. Jeni ilikuwa ile ile. Ilikuwa imezimwa.

Na binadamu je? Yeye na wenzake walikwenda vijijini Gambia. Huko, wakati wa mvua, nafaka huwa zimepungua ghalani lakini mboga za majani ni tele. Kiangazi mambo hugeuka. Mwaka 2010, na tena 2014, walionyesha kwamba watoto waliotungwa mimba wakati wa mvua walikuwa na swichi tofauti na wale wa kiangazi. Sikiliza vizuri: hawakusema watoto wa msimu mmoja wana afya kuliko wengine. Hilo bado linachunguzwa.

Linalonishtua mimi ni wakati. Swichi hizo huwekwa siku za kwanza kabisa, kabla hata hujajua una mimba. Uti wa mgongo wa mtoto pia hujifunga ndani ya siku 28 hivi, na foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Wengi wetu huenda kliniki tumbo likishaonekana. Tembe za wakati huo zinakusaidia damu, lakini kwa mgongo umechelewa.

Kwa hivyo, ukipanga kupata mtoto, muulize muuguzi tembe za foliki sasa: mikrogramu 400 kila siku, mpaka mimba ifike miezi mitatu. Kula kunde, terere, managu na maharagwe. Mboga usizichemshe mpaka ziwe nyeusi, halafu umwage maji yake!

Na kama tayari una mimba na hukumeza tembe, usikeshe ukilia. Watoto wengi huzaliwa salama. Nenda kliniki wiki hii.