Je, Wajua? Tumbawe Hutaja Mwaka wa Tetemeko

Je, wajua kwamba tumbawe linaweza kukutajia mwaka ambao kisiwa kizima kiliinuka?

Mtu wa pwani ataelewa upesi. Tumbawe haliishi nje ya maji. Bamvua likipwa na kuliacha wazi, kichwa chake hufa, lakini ubavu uliobaki majini huendelea kukua, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Kisiwa kikizama polepole, tumbawe hupata nafasi ya kupanda. Kingo zake huinuka kupita kitovu, likafanana na sinia. Kisiwa kikiinuliwa ghafla na tetemeko, sehemu ya juu hufa mara moja, na ile ya chini hutanuka pembeni mpaka umbo likawa la kofia ya pama.

Profesa Kerry Sieh, Mmarekani aliyefundisha jiolojia katika chuo kikuu cha Caltech, alitumia miaka mingi kusoma maumbo haya katika visiwa vya Mentawai, magharibi ya Sumatra. Yeye na wenzake hukata tumbawe kwa msumeno wa mnyororo, wakachonga kipande chembamba na kukipiga eksirei. Picha huonyesha mistari, mmoja kwa kila mwaka, kama pete za shina la mti. Humo wamesoma matetemeko ya takribani miaka 700, yakiwamo makubwa ya 1797 na 1833. Kwangu mimi hii ni maktaba isiyo na mfano, nayo imelala majini hapo wanapopita wavuvi kila siku.

Na kwa nini visiwa vizame kisha viinuke? Sakafu ya Bahari ya Hindi inaingia chini ya Sumatra, kama upana wa vidole vitatu kwa mwaka. Pale mabamba haya mawili ya ardhi yaliponata, la chini huburuta ukingo wa la juu, na visiwa hudidimia taratibu kwa miaka mia na zaidi. Siku yakiachiana, ukingo hufyatuka kama mtego. Tarehe 28 Machi 2005 baadhi ya fukwe za kisiwa cha Nias, pwani hiyohiyo ya Sumatra, zilipanda karibu mita 3, na matumbawe yaliyokuwa hai yakabaki juani.

Je, wajua kwamba onyo lilikuwa limeanza kutolewa? Katikati ya 2004 Sieh na wenzake waligawa mabango na vipeperushi visiwani Mentawai, kuwaeleza watu juu ya tetemeko na tsunami. Miezi michache baadaye, tarehe 26 Desemba, ardhi ikapasuka kaskazini zaidi, upande wa Aceh. Walikufa watu wapatao 230,000. Inauma kuwaza mabango yale yangefanya nini huko.

Mawimbi yalisafiri zaidi ya saa saba kufika kwetu Afrika Mashariki. Somalia ilipoteza karibu watu 300. Kenya na Tanzania nazo zilizika watu wao, ingawa yalitukuta maji yamepwa. Bahari ingekuwa imejaa, msiba ungekuwa mkubwa zaidi.

Je, wajua kisiwa kilichookolewa na masimulizi? Simeulue kilikuwa karibu kabisa na chanzo cha tetemeko lile la 2004, na kilikuwa na watu wapatao 78,000. Walikufa 7 tu. Tangu tsunami ya 1907 wazee waliwafundisha wajukuu neno moja, *smong*: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, usiokote samaki, kimbilia mlimani. Asubuhi ile mtu alipiga ukelele wa neno hilo, na watu wakapanda.

Sehemu kubwa ya mpaka wa mabamba chini ya Siberut, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Mentawai, haijaachia tetemeko kubwa tangu 1797. Matumbawe ya huko bado yanapanda, umbo la sinia.