Kigogota Mchanga na Wekundu wa Utosi Wake

Walimu wakusanyao majina ya ndege vijijini hupatwa na shida moja ambayo yafaa tuieleze. Katika mti mkavu waonekana vigogota watatu. Mmoja ana wekundu kisogoni. Wa pili hana wekundu wo wote. Wa tatu ana wekundu utosini, lakini kisogo chake ni cheusi. Mwalimu aandika aina tatu, kisha awaomba wazee majina matatu. Na mzee, kwa adabu, hapendi kumkatalia mgeni. Hivyo jina lisilo na ndege laingia katika kamusi.

Kumbe hao huenda wakawa baba, mama na mtoto. Ndege mwenyewe ni yule kigogota mdogo ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, na michirizi myeusi kifuani. Wazazi wote wawili wana paji la rangi ya kahawia. Nyuma ya paji hilo dume ni mwekundu mpaka kisogoni, na jike ni mweusi. Kinda hafanani na mmojawapo: wekundu wake uko katikati ya utosi, na nyuma ni weusi. Tena makinda ya kike nayo yana wekundu huo ambao mama yao hana. Basi asiyejua hudhani ameona dume wa aina ngeni. Baada ya miezi michache manyoya hayo hupukutika, na ndege hupata sura ya wakubwa.

Jicho pia lasaidia, kwa kuwa la mkubwa huelekea wekundu, na la mtoto ni la kijivujivu.

Asichanganywe na kigogota mwenye ndevu, ambaye makinda yake pia yana utosi mwekundu. Huyo ni mkubwa zaidi, sentimita 24 hivi, na ana alama nyeusi katika mashavu meupe. Jike wa kigogota mkia-dhahabu ni kinyume kabisa: utosi mweusi wenye madoadoa meupe, na kisogo chekundu.

Kwa habari ya jina, kigogota latokana na kugogota, yaani kugonga tena na tena. Wakamba humwita ngomakomi, na zamani walizitegea sikio sauti zake njiani kama ndege ya safari. Twaona jina la namna hii, litokalo katika kazi ya ndege, huwahusu wakubwa na wadogo pamoja. Kwa hiyo mwalimu aulize kwanza kama wenyeji humtofautisha mtoto na wazazi wake, ndipo aandike.