Bushi za Reki ya Usukani: Dalili za Kuchakaa na Jinsi ya Kuzibadilisha Nyumbani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inawahusu mno wenye magari yaliyokwisha kutumika kwingine, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu. Aghalabu magari haya huagizwa kutoka Japani yakiwa na umri wa miaka kadhaa, ingawa Kenya hairuhusu kuingizwa yale yaliyozidi miaka 8. Hivyo basi, sehemu zake za mpira huwa zimeanza kuzeeka hata kabla hazijaonja mashimo na matuta ya huku kwetu.

Makala haya yanakusudia kueleza sehemu moja ndogo miongoni mwa hizo, yaani bushi zinazoishikilia reki ya usukani. Hoja yetu ni kwamba bushi hizi zinapochakaa, gari huonyesha dalili zinazofanana sana na za reki iliyoharibika. Mwenye gari asiyeweza kuzitofautisha hali hizi mbili huenda akanunua reki nzima ilhali kilichohitajika ni vipande viwili vya mpira. Vilevile huenda akaendelea kuliendesha gari ambalo halimtii sawasawa. La kwanza ni hasara ya fedha. La pili ni hatari ya roho.

Reki na bushi zake

Neno usukani limetoka baharini. Kabla ya ujio wa magari, usukani ulikuwa kile kifaa cha nyuma ya chombo ambacho msukani alikigeuza ili kukielekeza chombo atakako. Katika gari, dereva anapozungusha usukani, mzunguko huo husafiri kupitia mhimili hadi kwenye gia ndogo iitwayo pinioni. Meno ya pinioni yameshikana na meno ya chuma kirefu kilicholala kwa upana wa gari, na chuma hicho ndicho reki. Pinioni inapozunguka, reki husogea kushoto au kulia, nazo tai rodi zilizo kwenye ncha zake huyasukuma magurudumu.

Reki hukaa ndani ya bomba la chuma ambalo tutaliita ganda. Katika magari mengi madogo, ganda hili hufungwa kwenye fremu kwa vibano viwili vyenye bolti. Baina ya kibano na ganda huwekwa mpira, ambao mafundi wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, mahali ambapo wengi wangali wanapaita Grogan, huuita bushi. Kazi ya mpira huu ni mbili: kulishikilia ganda lisihame, na kupunguza mitetemo ya barabara isifike mikononi mwa dereva.

Hapa ndipo ilipo siri ya tatizo lenyewe. Reki inapoyasukuma magurudumu, magurudumu nayo huisukuma reki kwa upande wa pili. Bushi zikiwa imara, ganda hutulia na nguvu yote huenda magurudumuni. Zikiwa zimelegea, sehemu ya kwanza ya mzunguko wa usukani hulihamisha ganda badala ya kuyageuza magurudumu. Dereva amekwisha kuamuru, lakini gari bado halijatii. Katika mwendo wa polepole kuchelewa huku ni kero tu. Katika barabara kuu, mbele ya lori linalokuja, ni suala la uhai.

Mpira huu huharibiwa na mambo kadhaa: umri, joto la injini, misukosuko ya mashimo, na zaidi ya yote mafuta yanayovuja na kuudondokea hadi ukalainika na kuvimba.

Dalili na uchunguzi

Dalili za kawaida ni tatu. Kwanza, mlio wa kugonga husikika usukani unapogeuzwa gari likiwa limesimama au likienda polepole. Pili, usukani huwa na mchezo, yaani huzunguka kidogo bila gari kuitikia. Tatu, gari huyumba katika barabara iliyonyooka na kumlazimu dereva kulirekebisha kila mara.

Hata hivyo, dalili hizi si ushahidi tosha, kwa kuwa tai rodi au boljointi zilizolika huweza kuzileta pia. Uchunguzi ufaao ni huu. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yakiwa chini, breki ya mkono imevutwa na injini imezimwa. Ufunguo uzungushwe ili usukani usijifunge. Msaidizi autikise usukani kushoto na kulia kwa mizunguko mifupi, nawe uitazame reki kwa tochi kutoka upande wa injini. Ikiwa ganda zima linahama ndani ya vibano vyake, bushi zimekwisha. Ikiwa ganda limetulia tuli na mchezo ungalipo, tafuta kosa kwingine.

Ili kuhakikisha zaidi, inua upande wa mbele na uliegemeze gari kwenye stendi. Shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Mchezo hapo aghalabu hutokana na tai rodi. Kisha lishike juu na chini. Mchezo hapo huelekeza kwenye boljointi au beringi ya gurudumu.

Hatua za kubadilisha

Vifaa vinavyohitajika ni jeki, stendi mbili imara, kabari, spana na soketi, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, wembe, chaki, maji ya sabuni na bushi mpya za aina ya gari husika. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndizo za kuegemezea.

Baada ya injini kupoa, nyoosha magurudumu, weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati za magurudumu ya mbele, inua gari, liegemeze, kisha uyatoe magurudumu hayo. Nyunyizia bolti za vibano mafuta ya kulegeza kutu na uzipe muda. Tia alama ya chaki mahali kila kibano kilipokaa.

Fungua kibano kimoja tu kwa wakati. Ukifungua vyote viwili, reki itaning'inia kwenye mabomba ya mafuta ya usukani na huenda ikayapinda au kuyavunja. Bushi nyingi za aina hii zimepasuliwa upande mmoja, hivyo huvuliwa bila kuishusha reki. Iliyogandamana ikatwe kwa wembe, kwa uangalifu usije ukaichana mipira ya kukinga vumbi iliyo kwenye ncha za reki. Safisha ganda na kibano kwa brashi. Paka bushi mpya maji ya sabuni, si grisi ya kawaida, kwa sababu grisi hiyo huula mpira. Ivike, mpasuko wake ukielekea ulikoelekea ule wa zamani, rudisha kibano penye alama, kisha kaza bolti kwa zamu hadi kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari. Ukimaliza, hamia upande wa pili.

Ifahamike kwamba si magari yote yaliyoundwa hivi. Yapo ambayo bolti hupenya katikati ya bushi iliyoshindiliwa ndani ya ganda, na mengine ambayo lazima fremu ya chini ishushwe kwanza. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye mashine ya kushindilia. Kadhalika, ukikuta mafuta yanavuja, ziba chanzo chake kwanza, ama sivyo bushi mpya zitafuata njia ya zile za zamani.

Gari likisharejeshwa chini na nati za magurudumu kukazwa, rudia uchunguzi wa awali. Kisha liendeshe polepole mahali pasipo na msongamano, ulipeleke likapimwe mpangilio wa magurudumu, na baada ya siku chache uzikague bolti upya.

Hitimisho

Ni bayana kwamba sehemu ngumu ya kazi hii si kufungua bolti bali kujua kilichoharibika ni nini. Magari mengi yatokayo Japani huja na vitabu vya Kijapani, au bila kitabu chochote, na maarifa ya gereji hupitishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi kwa macho na mikono. Bushi, reki na tai rodi tayari ni maneno ya Kiswahili midomoni mwao, yenye ngeli na vitenzi vyake: bushi imelika, bushi zimelika. Mwenye gari anayeyafahamu anaweza kumwuliza fundi swali moja la msingi kabla ya kutoa fedha: je, linalohama ni ganda zima, au ni tai rodi?