Mashine Inayopima Uso: Inaona Nini Hasa?

Wasomaji wetu, siku hizi ukiomba mkopo kwa simu, mara nyingine unaambiwa ushike simu mbele ya uso, ugeuke kushoto, ugeuke kulia, upepese macho. Wengi wenu mmetuuliza ni ya nini hayo yote, na kama kweli simu inamjua mtu. Hebu tueleze.

Simu haimjui mtu. Inapima tu. Kamera ya kawaida hupata picha bapa, yaani rangi, mwanga na kivuli. Kompyuta huigeuza picha hiyo kuwa namba nyingi, kisha huzilinganisha na namba za picha iliyowekwa zamani, kama ile ya kitambulisho. Zikikaribiana vya kutosha inasema, ni huyu. Na hicho kipimo cha "kutosha" kimepangwa na binadamu. Taabu ni kwamba mjanja anaweza kuinua picha yako ya karatasi mbele ya kamera. Ndiyo maana unaambiwa ugeuke na kupepesa macho, manake karatasi haipepesi.

Simu nyingine zina njia bora zaidi. Mwaka wa 2017 kampuni ya Apple ilitoa simu ya iPhone X, ambayo hurusha usoni vitone zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho. Fikiria nyumba yenye mabati yaliyotoboka. Jua la asubuhi likiingia, vitone vya mwanga hulala sakafuni. Weka chungu pale, na kitone kitapanda juu ya chungu na kuonekana kimehama. Simu hufanya vivyo hivyo: kwa kuangalia kila kitone kimehama kiasi gani, inajua pua imetokeza vipi na macho yameingia ndani vipi. Picha ya karatasi haina pua ya kutokeza, basi inakataliwa. Tena kifaa hiki hufanya kazi hata gizani, kwa sababu kinajiletea mwanga wake. Apple wenyewe wanasema mgeni kufungua simu yako ni chini ya mara 1 katika 1,000,000, ila kwa mapacha na watoto wa chini ya miaka 13 hatari ni kubwa zaidi.

Hapo simu inaulizwa swali dogo: huyu ni mwenyewe, au siye? Mambo ni mengine kabisa mashine ikipewa picha hafifu ya kamera ya dukani na kuulizwa, huyu ni nani kati ya mamilioni? Haina vitone, haina kina. Lakini jibu italeta tu.

Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata baba mmoja mweusi nyumbani kwake mbele ya mke na watoto, ati ameiba saa dukani. Mashine ilikuwa imelinganisha picha ya mwizi na ya leseni yake ya zamani. Alikaa ndani kama saa 30. Kumbe siye. Mwaka wa 2024 mji huo ulikubali kumlipa dola 300,000.

Si bahati mbaya tu. Desemba 2019 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia vipimo, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima programu 189. Nyingi kati yake ziliwachanganya watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki mara 10 hadi 100 kuliko Wazungu wa Ulaya Mashariki. Ni sisi hao. Lakini chache zilikuwa na tofauti ndogo sana, kwa hivyo inawezekana kuzitengeneza vizuri.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Anayechukua picha ya uso wako lazima akuambie ni ya kazi gani. Na ukinyimwa haki kwa uamuzi wa mashine peke yake, unaweza kudai binadamu auangalie upya. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa barua au hata kwa mdomo, na yanatakiwa kumalizwa katika siku 90.